KUPATA JIDHRI KWA KAMBA NA DUARA, PAMOJA NA KIPIMO CHA BIRIKA LA KULLATENI

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake: jua, ewe msomaji, ya kuwa elimu ya hisabu na elimu ya handasa, yaani elimu ya maumbo na vipimo vyake, si elimu za wafanya biashara na waashi peke yao. Katika milango ya fiqhi mna mas-ala ambayo mtu hawezi kuyajibu kwa yakini asipojua hisabu. Mirathi ni mlango mmoja, Zaka ni wa pili, na kipimo cha maji ni wa tatu. Karatasi hizi chache zimekusudia mlango huu wa tatu, na ndani yake khasa jambo moja: namna ya kuipata jidhri ya namba kwa kamba na vigingi, pasina kalamu wala karatasi.

Jidhri ya namba ni ile namba ambayo ukiipiga kwa nafsi yake hupata namba ya kwanza. Jidhri ya 9 ni 3, kwani tatu kwa tatu ni tisa. Na jidhri ya 36 ni 6. Neno hili ni la Kiarabu na maana yake ni mzizi. Vitabu vya shule siku hizi huiita kipeuo cha pili. Na katika handasa jidhri ina sura inayoonekana kwa macho: ukiwa na uwanja wa mraba ambao eneo lake ni 36, ubavu wake mmoja ni 6. Basi kutafuta jidhri ni kutafuta ubavu wa mraba ambao eneo lake lajulikana.

Lakini si kila namba ina jidhri inayosemeka. Jidhri ya 2 yazidi moja na robo tatu ya nusu, wala haifiki moja na nusu. Na mtu akiendelea kuigawanya kwa mafungu madogo zaidi na zaidi hataifikia kamili abadan. Wanahisabu wa Kiarabu waliiita namba ya namna hii asamm, yaani kiziwi: waiita, wala haiitikii. Na ajabu ya handasa ni hii, ya kuwa jidhri ambayo kalamu haiwezi kuimaliza, kamba yaipata kwa mstari mmoja.

FASLI: Haja ya jambo hili katika nchi kavu

Mtu wa mwambao hana taabu kubwa ya maji ya udhu. Msikitini kwake kuna kisima, na karibu na kisima birika la mawe na chokaa. Mabirika haya ni ya tangu zamani: huko Gedi, karibu na Malindi, kisima na birika la Msikiti Mkuu vingali vyaonekana katika magofu, na Kilwa Kisiwani, katika jumba la Husuni Kubwa la karne ya 14, liko birika la pembe nane ambalo mafundi wake bila shaka walikijua kitu katika handasa.

Hali hubadilika mtu wa mwambao anapoingia bara. Njia ya zamani ya misafara ilipita Ugogo, kisha ikaingia katika pori la Mgunda Mkali, ambalo wapagazi waliliogopa kwa uchache wa maji yake, ndipo msafara ufike Tabora. Pori hilo leo ni sehemu ya kusini ya mkoa wa Singida, pande za Manyoni na Itigi. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 mwendo wa siku nyingi ulifupishwa, lakini nchi ni ile ile: mvua hunyesha yapata Novemba mpaka Aprili, na miezi iliyobaki ni kiangazi. Mji wa Singida wenyewe una maziwa mawili yanayoonekana kutoka mjini, Singidani na Kindai, na yote mawili ni ya chumvi. Chumvi ya asili haizuii udhu, na mtu wa pwani hahitaji kufundishwa hayo. Lakini maji hayo hayanyweki, na msikiti hutaka maji ambayo aliyetawadha aweza kuyanywa pia. Basi maji matamu ya mvua huwekwa, na yanapowekwa huwa na thamani.

Tena iko taabu ya ardhi. Singida ni nchi ya majabali ya mawe magumu. Katika mahali pengi mtu huchimba shibiri moja au mbili na jembe likagonga mwamba. Kwa hiyo anayetaka kuchimba birika huko hachagui kina apendacho. Kina hutolewa na mwamba, na kazi ya fundi ni kutafuta upana.

Chukua mfano. Watu wa msikiti mdogo wataka birika la mraba, nalo liwe la kullateni, yaani kulla mbili. Fundi amechimba dhiraa moja na jabali limemzuia. Wamwuliza: kila ubavu uwe wa kadiri gani, ili maji yasipungue kullateni? Wala hawaulizi kwa mchezo. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, maji yaliyofika kulla mbili hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi, maadam hayakubadilika rangi, utamu wala harufu. Na yaliyo chini ya kulla mbili hunajisika kwa kuguswa tu, ijapokuwa hayakubadilika hata kidogo. Kuku wa Singida ni wengi, na sifa yao imefika hata Dar es Salaam. Na kuku akipanda ukingo wa birika akaangusha kinyesi chake ndani, hukumu yote itategemea jibu la fundi yule. Likiwa birika ni la kullateni, kinyesi kitatolewa na watu watatawadha. Likiwa pungufu, maji ya wiki nzima katika nchi ya kiu yameharibika, na aliyetawadha kwayo asijue, udhu wake haukusihi.

FASLI: Kipimo cha kullateni

Kulla ni mtungi mkubwa. Wanavyuoni wamezikadiria kulla mbili kwa uzito kuwa ratili 500 za Baghdad, na kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa kadirio hili ni la kukaribia, si la kukata. Hivyo upungufu wa ratili moja au mbili haudhuru. Kwa kupima chombo wamesema: katika chombo cha mraba, dhiraa moja na robo urefu, dhiraa moja na robo upana, na dhiraa moja na robo kina.

Ili hisabu iwe nyepesi wameigawanya dhiraa mafungu manne. Basi dhiraa moja na robo ni robo 5. Piga 5 kwa 5 hupata 25, piga tena kwa 5 hupata 125. Kullateni basi ni vipande 125, kila kipande kikiwa robo ya dhiraa urefu wake na upana wake na kina chake. Namba hii ya 125 ishikwe vema, kwani yote yanayofuata yanarejea kwake.

Na dhiraa ni ya nani? Ni ya mkono wa mtu wa wastani, shibiri mbili. Jambo hili laonekana dogo nalo si dogo. Dhiraa ikihesabiwa sentimita 48, birika la kullateni ni sentimita 60 kila upande, na maji yake ni lita 216. Ikihesabiwa sentimita 46, maji ni kama lita 190 tu. Kwa hiyo lile pipa la bati la lita 200, ambalo watu wengi hulitegemea majumbani, lafika kullateni kwa dhiraa fupi na halifiki kwa dhiraa ndefu. Mwenye kutaka salama ashike ile ndefu, na hapa chini ndiyo itakayotumika.

Sasa rejea kwa fundi aliyezuiwa na jabali kwenye dhiraa moja, yaani robo 4. Vipande 125 vikigawanywa kwa 4, hupatikana 31 na robo. Hilo ndilo eneo la sakafu analolihitaji. Akikubali birika la urefu kuliko upana, kazi yake ni rahisi: upana aache 5 kama zamani, na urefu aufanye 6 na robo, kwani 5 kwa 6 na robo ni 31 na robo. Lakini wenyewe wataka mraba. Basi ubavu wa mraba huo ni jidhri ya 31 na robo, na jidhri hii ni kiziwi.

FASLI: Namna ya kuipata kwa kamba

Fundi asawazishe uwanja, kisha achukue kamba isiyonyumbuka, na vigingi, na kijiti kilichotiwa alama za robo ya dhiraa.

Apigilie kigingi cha kwanza, nacho kiitwe Alif. Kutoka Alif apime robo 5 kwa mstari ulionyooka, apigilie kigingi cha pili, Be. Kutoka Be aendelee mbele kwa mstari ule ule, bila kukunja kuume wala kushoto, apime robo 6 na robo ya robo, apigilie kigingi cha tatu, Jimu. Urefu wote kutoka Alif mpaka Jimu ni 11 na robo.

Kisha achukue kamba iliyo sawa na urefu huu wote, aikunje mara mbili ncha kwa ncha, na hapo ajue katikati ya mstari. Apigilie kigingi cha nne, Mimu. Afunge kamba katika Mimu, ncha yake nyingine ifike Alif, kisha aizungushe kamba iliyokazwa, achore ardhini nusu ya duara itokayo Alif mpaka Jimu.

Limebaki jambo moja. Pale Be anyanyue mstari unaosimama sawasawa juu ya mstari wa kwanza, usioinama upande wowote. Njia yake ni hii: kila upande wa Be, juu ya mstari wa kwanza, apime robo 3 na kuweka alama. Kutoka kila alama achore tao kwa kamba moja isiyobadilishwa urefu, iliyozidi robo 3. Matao mawili yatakatana. Mstari unaotoka Be na kupita penye makutano ndio unaotakiwa. Auendeleze mpaka ukate nusu ya duara, na hapo apigilie kigingi cha tano, Dali.

Kutoka Be mpaka Dali ndiyo jidhri. Aikate kamba kwa urefu huo, na huo ndio ubavu wa birika. Akiupima ataona ni robo 5 na zaidi kidogo ya nusu ya robo. Kwa dhiraa ya sentimita 48 ni sentimita 67 na kitu.

Mwanafunzi asiyeamini na aanze kwa namba ambazo jidhri yake yajulikana. Apime 4 kutoka Alif mpaka Be, na 9 kutoka Be mpaka Jimu. Nne kwa tisa ni 36, na ataona mstari wa Be na Dali ni 6 sawasawa. Na akitaka jidhri ya namba yoyote moja, kama 2 au 3 au 7, apime moja kutoka Alif mpaka Be, na namba yenyewe kutoka Be mpaka Jimu. Kwani moja haizidishi wala haipunguzi.

FASLI: Kwa nini iwe hivyo

Jua ya kuwa kila pembe ambayo kichwa chake kiko juu ya nusu ya duara, na miguu yake miwili imesimama kwenye ncha za kipenyo, ni pembe ya mraba, haizidi wala haipungui. Basi pembetatu ya Alif, Dali na Jimu ina pembe ya mraba pale Dali. Mstari wa Be na Dali waikata pembetatu hiyo vipande viwili, kimoja kidogo na kimoja kikubwa, nayo sura yao ni moja. Ni kama mtoto na baba waliofanana, tofauti yao ni kimo tu. Katika kile kidogo ubavu mfupi ni Alif–Be na mrefu ni Be–Dali. Katika kile kikubwa ubavu mfupi ni Be–Dali na mrefu ni Be–Jimu. Maadam sura ni moja, nisba ni moja: kama Alif–Be ilivyo kwa Be–Dali, ndivyo Be–Dali ilivyo kwa Be–Jimu. Na kila mfanya biashara ajua ya kuwa katika namba nne zenye nisba moja, za mwisho mbili zikipigwa hulingana na za kati mbili zikipigwa. Hapa za kati ni namba moja iliyokuja mara mbili. Basi Be–Dali kwa nafsi yake ni Alif–Be kwa Be–Jimu, nako ndiko kuwa jidhri.

Na anayependa hisabu zaidi kuliko maumbo atazame pembetatu ya Mimu, Be na Dali, ambayo pembe yake ya mraba iko Be. Kutoka Mimu mpaka Dali ni nusu ya kipenyo, yaani 5 na thumni tano. Kutoka Mimu mpaka Be ni thumni tano. Mraba wa ile ya kwanza ni 31 na mafungu 41 katika 64. Mraba wa hii ya pili ni mafungu 25 katika 64. Ondoa hii katika ile, hubaki 31 na mafungu 16 katika 64, nayo ni 31 na robo.

Njia hii ni ya kale. Imo katika kitabu cha Uqlidisi, Myunani, ambacho Wazungu humwita mwandishi wake Euclid: katika makala ya pili ameeleza namna ya kufanya mraba ulio sawa na umbo lolote lenye mistari iliyonyooka, na katika makala ya sita akaeleza namna ya kupata mstari wa kati baina ya mistari miwili. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kiarabu na al-Hajjaj bin Yusuf bin Matar katika zama za Harun al-Rashid na mwanawe al-Maamun, kisha kikafasiriwa upya na Is-haq bin Hunayn na kusahihishwa na Thabit bin Qurra, aliyefariki mwaka 901. Lakini anayestahiki zaidi kutajwa mbele ya mafundi ni Abul Wafaa al-Buzjani wa Baghdad, aliyefariki mwaka 998, kwani yeye aliandika kitabu kizima juu ya yale ambayo fundi huyahitaji katika handasa. Humo amesimulia kuwa mafundi wana mikono hodari lakini hukosea kwa kutegemea jicho, na watu wa handasa wajua dalili lakini wengi wao hawajui taabu ya kukata na kuunga; na mfano wake mmoja ni huu wa kufanya mraba mmoja kwa miraba mitatu iliyo sawa, yaani jidhri ya 3. Maneno hayo yana zaidi ya miaka elfu, nayo yangali kweli kwa kila mjengo.

TANBIHI: Makosa matatu ya kujihadhari

La kwanza ni la mwenye kupima birika kwa kulizungushia kamba. Huona birika la mraba la robo 5 huzungukwa na kamba ya robo 20. Akikuta birika lingine, urefu wake robo 8 na upana wake robo 2, nalo huzungukwa na kamba ya robo 20 vile vile, hudhani maji yake ni sawa. La hasha. Pima 8 na 2 kwa mstari mmoja, chora nusu ya duara ambayo kipenyo chake ni 10, nyanyua mstari: utapata 4. Birika lile refu basi ni sawa na mraba wa 4 kwa 4, na kwa kina cha robo 5 maji yake ni vipande 80 tu, si 125. Watu waweza kutawadha miaka katika birika kama hilo na kulidhani ni la kullateni.

La pili ni la mwenye kujumlisha pande mbili na kuchukua nusu. Katika mfano wa kwanza huchukua 5 na 6 na robo, nusu yake 5 na thumni tano, akaufanya huo ndio ubavu wa mraba. Hili ni kosa la hisabu, lakini halina dhara kwa tohara. Itazame nusu ya duara: nusu ya jumla ni nusu ya kipenyo, na mstari wowote ulionyanyuliwa hauwezi kupita nusu ya kipenyo. Basi mtu huyu siku zote huzidisha maji, hapunguzi. Amepoteza chokaa, hakupoteza udhu. Lakini pande zikiachana sana hupoteza chokaa nyingi: nusu ya jumla ya 5 na 12 na nusu ni 8 na robo tatu, na jidhri yake haifiki hata 8.

La tatu ndilo la kuogopwa, nalo huwapata wenye kusoma. Kuna kanuni mbili za kukaribia jidhri kwa kalamu. Zote huanza kwa mraba kamili ulio karibu. Hapa ni 25, na jidhri yake ni 5, na kilichozidi ni 6 na robo. Kanuni moja hugawanya kilichozidi kwa maradufu ya 5, yaani 10. Jibu ni 5 na thumni tano, nalo ni lile lile la nusu ya jumla, lazidi kidogo. Kanuni ya pili hugawanya kwa maradufu na moja, yaani 11, na jibu lake ni 5 na mafungu 25 katika 44. Hili hupungua. Ukiupiga ubavu huo kwa nafsi yake kisha kwa kina cha 4, hupata vipande 124 na kidogo sana. Kimepungua karibu kipande kimoja katika 125. Na kwa kuwa vipande 125 ni ratili 500, kipande kimoja ni ratili 4. Upungufu uliosamehewa ni ratili mbili. Basi aliyeshika kanuni hii, kwa elimu yake yote, amejenga birika lisilofika, na yule fundi asiyejua kusoma aliyechukua nusu ya jumla amejenga linalofika na kuzidi.

Kwa hiyo fundi wa kamba naye asijiamini kupita kiasi. Ratili mbili katika 500 ni fungu moja katika 250, na katika ubavu wa sentimita 67 hilo ni zaidi ya milimita moja kidogo tu. Kamba hunyumbuka, na vigingi vina unene. Akishapata urefu wa Be–Dali aongeze upana wa kidole kimoja kila upande, baada ya kupiga lipu, wala si kabla yake, kwani lipu hula nafasi.

FAIDA: Ufito wa alama nne

Fundi mwenye kazi nyingi hana haja ya kuchora duara kila siku. Achore mara nne tu, kisha atie alama katika ufito mmoja mgumu. Kwa kina cha robo 5, alama iwe 5. Kwa kina cha robo 4, jidhri ya 5 kwa 6 na robo, kama ilivyotangulia. Kwa kina cha robo 3, apime 5 na 8 na thuluthi. Jidhri yake ni kama robo 6 na nusu kasoro kidogo, nayo ni sentimita 77 na nusu. Kwa kina cha robo 2, yaani shibiri moja, apime 5 na 12 na nusu. Jidhri yake ni robo 8 kasoro kidogo, sentimita 95.

Ufito huu una kazi ya pili. Akiitwa kukagua birika la zamani lenye urefu na upana usio sawa, achore ardhini nusu ya duara ya urefu na upana wake, anyanyue mstari, kisha auweke ufito juu ya mstari huo. Ukifika alama ya kina cha maji yaliyomo, ni kullateni. Usipofika, si kullateni. Hakupiga hisabu hata moja.

Imesemwa kina cha maji, wala haikusemwa kina cha birika, na tofauti hii katika nchi ya Singida ni kubwa. Birika lililojaa mwezi wa Machi si birika lile lile mwezi wa Septemba. Lililojengwa kwa ubavu wa alama ya robo 4 likipungua vidole viwili limetoka katika kullateni. Kwa hiyo mwenye uwezo alijenge kwa alama ya shibiri moja hata kama kina chake ni dhiraa nzima. Hapo maji yakishuka mpaka nusu yangali kullateni. Na ndani ya ukuta, kwenye kimo cha shibiri moja kutoka sakafuni, achore mstari wa chokaa nyeupe, ili hata mtoto ajue maji yakishuka chini ya mstari ni machache. Na maji machache yaliyoingiwa na najisi bila ya kubadilika hayana haja ya kumwagwa: huongezwa maji mengine mpaka yafike kullateni, na yakifika hali hayana mabadiliko hutoharika. Katika nchi kavu mas-ala haya ya kuongeza yana faida kuliko ya kumwaga.

FASLI: Birika la duara

Katika chombo cha duara, kama kisima, wanavyuoni wamesema: kipenyo dhiraa moja, na kina dhiraa mbili na nusu. Kwa robo ni 4 na 10. Mzingo wa duara ambayo kipenyo chake ni 4 ni 12 na mafungu 4 katika 7. Piga nusu ya kipenyo kwa nusu ya mzingo, yaani 2 kwa 6 na subui mbili, hupata 12 na subui nne; piga kwa kina cha 10, hupata 125 na subui tano. Imezidi ile ya mraba kwa subui tano za kipande, na ziada hiyo haidhuru.

Lakini kisima cha dhiraa mbili na nusu katika jabali la Singida hakichimbiki kwa urahisi. Fundi ataka kina kiwe nusu yake, dhiraa moja na robo. Wengi watajibu haraka: kipenyo kiwe maradufu, dhiraa mbili. Jawabu hilo limezidisha mno, kwani kipenyo kikiwa maradufu eneo huwa mara nne, na haja ni mara mbili tu. Kinachotakiwa ni kipenyo ambacho mraba wake ni maradufu ya mraba wa kwanza. Nacho ni jidhri ya 2 iliyopigwa kwa dhiraa moja, ile ile namba kiziwi iliyotajwa mwanzo.

Na hii haihitaji hata nusu ya duara. Fundi achore ardhini mraba wa dhiraa moja kila upande, kisha anyoshe kamba kutoka pembe moja mpaka pembe inayoikabili. Mraba uliosimama juu ya kamba hiyo ni maradufu ya mraba wa kwanza. Atakayetaka kuona, auchore: mraba wa kwanza umekatwa na kamba pembetatu mbili, na mraba mkubwa una pembetatu nne za kadiri ile ile. Kamba hiyo, sentimita 68 kwa dhiraa ya 48, ndiyo kipenyo. Aikunje mara mbili, afunge ncha moja katika kigingi, na kuzungusha. Mraba wa kipenyo hicho kwa robo ni 32. Chukua mafungu 11 katika 14 yake, ambalo ndilo eneo la duara, hupata 25 na subui moja. Piga kwa kina cha robo 5, na jibu ni 125 na subui tano, sawasawa na kisima cha wanavyuoni.